Buti la Mguu wa Kulia

Likasi, Alhamisi. Mwezi wa saba, baridi kavu, upepo tangu asubuhi.

Leo jua limetoka kwa ajili ya kuonekana tu. Limepita juu ya mtaa wa Kikula toka upande huu mpaka upande ule bila kumpasha mtu joto. Upepo unaokota vumbi barabarani na kulileta moja kwa moja mdomoni. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaniuma ninapoandika. Dada yangu Nadine ameniwekea bukari, ugali wetu, na samaki, nimeisogeza pembeni. Ameniuliza kama ninaumwa. Nimemjibu ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Leo nimejaribu kumvalisha mtu buti kwenye mguu ambao hana.

Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Iache ikae.

Kwa anayefika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni karani wa bon katika zahanati ya kampuni moja hapa Likasi. Bon ni karatasi inayosema kwamba bima ya kampuni itakulipia dawa, kitanda au kifaa. Docteur anaandika unachohitaji, mimi ninaangalia kama kanuni inaruhusu, halafu ninapiga muhuri. Bila muhuri wangu, docteur anaweza kuandika mpaka wino umwishie. Wafanyakazi wananiita Mama Muhuri. Sina mtoto hata mmoja, lakini jina limeshika.

Sasa kuhusu hilo buti. Halishonwi na fundi, linatoka kiwandani likiwa tayari, ndani ya boksi. Ni gamba gumu la plastiki linalopanda mpaka karibu na goti, ndani lina sponji, nje lina mikanda ya kunata, chini soli nene iliyobinuka. Ukilivaa, unatembea bila uzito wote kuangukia unyayo. Mfupa uliovunjika unatulia. Kidonda cha chini ya mguu nacho kinapata nafasi ya kupona, docteur alinieleza hivyo mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia.

Kanuni ya bima yetu juu ya buti hilo ni mstari mmoja. Linalipiwa kwa mfupa uliovunjika au mguu uliopasuliwa. Kwa kidonda, hapana. Kidonda kinalipiwa bandeji na dawa ya kuosha. Aliyeandika mstari huo simjui, na sidhani kama amewahi kukanyaga msumari.

Papa Kabwe alikanyaga msumari.

Papa Kabwe ni fundi wa kuchomelea vyuma pale kiwandani, mtu wa makamo, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Ana ugonjwa wa sukari wa siku nyingi, na sukari ilishamlia hisia za miguu. Alikuwa nyumbani kwake anabomoa mbao za zamani, akakanyaga, hakusikia kitu. Alitembea na msumari ule ndani ya kiatu siku nzima. Jioni mke wake akaona soksi imelowa damu. Hivyo ndivyo kilivyoanza kidonda chini ya mguu wa kulia, kidogo tu, unaweza kukifunika kwa kizibo cha chupa.

Docteur alimwandikia buti. Karatasi ikafika dirishani kwangu, nikaona neno kidonda, nikairudisha. Docteur akaja mwenyewe ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, andika tu fracture ya kidogo," akasema. "Minye nitasaini. Ule papa akiendelea kukanyaga pale, mugulu itaoza."

"Picha ya radio inaonesha mufupa imevunjika, Docteur?"

"Radio haioneshe kitu. Lakini weye unajua namna tunafanyaka."

Nilijua tunavyofanya. Niungame hapa, kwa sababu mahali pengine sitaungama. Mara tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika mfupa palipokuwa hakuna mfupa. Mara ya kwanza ilikuwa shemeji wa mkubwa wa zamu, aliyeteguka akicheza mpira. Mara ya pili mpishi wa kantini mwenye maumivu ya kisigino, mwanamke anayenitunzia vipande vizuri vya nyama. Mara ya tatu hata simkumbuki vizuri, nakumbuka tu kwamba alinichekesha. Wote watatu walivaa mabuti yao, wakapona, wakaja kunisalimia. Muhuri wangu ulikuwa unajua kupinda.

Kwa Papa Kabwe haukupinda.

"Kilonda njo kilonda, Docteur," nikamjibu. "Règlement, ile kanuni, haikuandikwa na minye."

Akaniangalia kwa muda mrefu. Ni kijana, amesoma Lubumbashi, bado anaamini kwamba mtu akiangaliwa vya kutosha ataona aibu. Mimi sikuona aibu. Nilisikia utamu, ule wa kukuna mahali panapowasha.

Panawasha tangu mama alipokufa.

Huku kwetu Wakatoliki kila mtaa una shirika lake, familia chache zinazokutana kila wiki kusali nyumba kwa nyumba. Kila mwanachama ana kadi yenye visanduku vidogo. Ukihudhuria, kiongozi wa shirika anakutilia alama. Siku ya msiba ndipo kadi inapodaiwa. Ikiwa imejaa, shirika linafika na msalaba, mishumaa na nyimbo, linakaa nanyi kwenye matanga mpaka mazishi. Ikiwa na mapengo, mnalia peke yenu na mtaa mzima unajua kwa nini.

Mama alilala kitandani karibu mwaka mzima kabla ya kufa. Kadi yake ikabaki na mapengo ya karibu mwaka mzima. Kiongozi wa shirika letu alikuwa Papa Kabwe. Alikuja siku ile ile ya msiba, akasimama kwenye mlango wa uzio wetu, hakuingia, kadi ya mama mkononi. Alikuwa amevaa shati lake limefungwa mpaka juu.

"Carte ya mama iko na vide mingi," akaniambia. "Shirika haitaweza kuya."

Nikamwambia mama alikuwa mgonjwa, kila mtu aliona. Akasema ndiyo, aliona, lakini mgonjwa alipaswa kujulisha shirika kwa barua, ili apewe alama ya ugonjwa. Sisi hatukujua habari ya barua. Mama ndiye aliyejua mambo ya shirika, na mama alikuwa ameshasahau hata majina yetu.

"Règlement ni ya bantu bote, mama," akasema. Kanuni ni ya watu wote. Akanipa ile kadi, akaenda zake polepole.

Tulimzika mama bila msalaba wa shirika. Majirani wa kanisa la uamsho walituonea huruma, wakaja na ngoma yao kutuimbia nyimbo tusizozijua, Nadine na mimi tukapiga makofi kama wageni kwenye msiba wetu wenyewe. Uchungu ule ulipita, unapita tu. Aibu haikupita. Kadi ya mama niliipeleka ofisini, nikaiweka kwenye droo, chini ya kitambaa cha wino wa muhuri. Kila nilipopiga muhuri niliiona kona yake.

Kwa hiyo Papa Kabwe alipofika dirishani kwangu na mguu wake, mimi nilikuwa tayari miaka mingi.

"Mama, banasema nini juu ya botte?" akauliza.

"Banakatala, papa. Botte ni ya mifupa. Weye uko na kilonda."

"Ni règlement?"

"Njo règlement. Ni ya bantu bote."

Nilisema maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, na nikamkazia macho. Nilitaka akumbuke. Nilitaka anisihi, ataje watoto, ataje Mungu, ili nipate kukataa mara ya pili na ya tatu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda sokoni.

"Ah bon. Kama ni règlement, aksanti mama."

Akaenda. Nilikasirika siku nzima.

Docteur hakukubali. Alituma barua Lubumbashi, kwa wakubwa wa bima, kuomba lile buti lilipiwe hata kwa kidonda. Barua za namna hiyo zinachukua muda wake. Na hapo kuna jambo lingine la kuungama. Ukutani, kando ya dirisha langu, kuna tangazo nililoliandika kwa mkono wangu kwa sababu watu walikuwa wananichosha: majibu ya dossier, yaani faili za bima, yanatolewa Alhamisi tu, asubuhi. Papa Kabwe alilisoma. Tangu siku ile akawa anakuja kila Alhamisi, anapanga foleni, anauliza kama jibu limefika, ninasema hapana, anashukuru. Hakuja siku nyingine hata moja. Jumatatu moja alipita mbele ya dirisha langu, mguu umefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya bandeji, hakukuwa na foleni, nilikuwa nimekaa nakunywa chai. Alinisalimia, hakuuliza. Nikafikiri moyoni: vizuri, endelea kutii.

Kila Alhamisi alikuja anachechemea zaidi. Alikuwa bado anafanya kazi, anasimama kutwa nzima. Wiki za mwisho nilianza kusikia harufu kabla hajafika dirishani. Watu wa foleni walimwachia nafasi, na yeye akadhani ni heshima, akawa anawaambia hapana, hapana, kila mutu kwa zamu yake.

Siku moja docteur aliingia bila kubisha, akaweka picha ya radio juu ya meza yangu, juu ya chai.

"Sasa kilonda imefika ku mufupa," akasema. "Mufupa imeharibika. Sasa ni dossier ya mufupa. Umefurahi?"

Nikapiga muhuri. Kanuni sasa iliruhusu: ulikuwa ni mfupa. Bon ikaenda Lubumbashi na kila kitu kikiwa sawa, buti moja, mguu wa kulia, mgonjwa mwenye haki.

Lakini mfupa ulioharibika haungoji boksi. Hospitali walimkata wiki iliyofuata, chini ya goti. Bon ya kukata nayo ilipitia kwangu. Ilichukua muda wa kufungua kalamu. Kukata kuna mstari wake kwenye kanuni, na mstari ule hauna masharti yoyote, bima inalipa yote siku ile ile. Nilipiga muhuri, nikaenda kula.

Nilikula vizuri. Nataka hilo nalo liandikwe.

Jumatatu ya wiki hii boksi likafika kutoka Lubumbashi. Jipya, limefungwa kwa plasta, jina la Papa Kabwe limeandikwa vizuri kwa herufi kubwa. Chini ya plasta kuna karatasi ya masharti. Buti lazima lijaribiwe kwenye mguu wa mgonjwa mwenyewe, lirekebishwe na mtu aliyefundishwa, mgonjwa aweke sahihi. Bila hivyo dossier haifungwi. Na dossier ya buti ikiwa wazi, kwa bima Papa Kabwe ni mtu ambaye ameshapewa kifaa chake cha mwaka huu, hana haki ya kifaa kingine. Yaani magongo. Ombi la magongo yake lilikuwa mezani kwangu tangu alipotoka hospitali, na sikuweza kulipiga muhuri kwa sababu ya buti.

Nilipiga simu Lubumbashi. Nilieleza pole pole. Yule bwana wa upande wa pili alikuwa anakula kitu.

"Mugonjwa akuye, ajaribu, asaini," akasema. "Kama haimufai, murudishe na muandike sababu."

"Papa, mugulu haiko. Balishaikata."

Kutafuna kukasimama kidogo.

"Basi itakuwa haimufai," akasema. "Lakini ajaribu."

Aliyefundishwa kurekebisha mabuti katika zahanati yetu ni mimi. Mafunzo ya siku moja Lubumbashi, na cheti ninacho ukutani. Nilimwomba docteur awe pale leo, akasema ana wagonjwa, na hiyo ni kazi yangu.

Basi, leo Alhamisi. Papa Kabwe amekuja na mke wake, Mama Régine, mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cha kichwa kimefungwa haraka. Nilitegemea gari, au hata kiti cha kusukuma. Amekuja ameshikilia bega la mke wake upande mmoja na upande mwingine mpini wa ufagio, juu ya mpini wamezungushia kitambaa ili usimle kwapa. Suruali mguu wa kulia imekunjwa na kufungwa kwa pini. Shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Amepanga foleni. Watu walimwambia apite mbele, akakataa, akasimama kwa mguu mmoja na mpini wake mpaka zamu yake ikafika.

Nimewaingiza ofisini, nimemkalisha, nimefungua boksi. Plastiki mpya ina harufu ya duka. Nikapiga magoti mbele yake na nikafungua mikanda yote kama nilivyofundishwa, wa chini, wa kati, wa juu. Nikafungua pini ya suruali. Mikono yangu ilikuwa baridi, yeye akashtuka kidogo, mimi nikasema pardon.

Nikainua buti mpaka kwenye kipande cha mguu kilichobaki. Sehemu ya juu ya buti ilimeza kile kipande, sehemu nyingine yote ikaning'inia ikiwa tupu. Nikafunga mkanda wa juu. Mafunzo yanasema uulize mgonjwa kama inabana.

Nikauliza. Ndiyo, niliuliza.

"Haibane," Papa Kabwe akasema.

Nikaachia mkono. Buti likateleza, likaanguka chini kwa kisigino, likabaki limesimama peke yake katikati ya ofisi. Sisi watatu tukaliangalia.

Mama Régine ndiye aliyeongea. "Mama, hii botte haiwezi kuingia ku mugulu ingine? Ile inabakia nayo inaanza kuvimba."

Ukweli ni kwamba inaingia. Mabuti haya hayachagui upande, mguu wa kushoto unaingia kama wa kulia, nililijua hilo tangu siku ya mafunzo. Na mguu wake wa kushoto sasa ndio unaobeba kila kitu. Nikatazama bon. Bon inasema kulia.

"Bon inasema ya kuume," nikamwambia.

"Nyamaza, Régine," akasema Papa Kabwe. "Umesikia. Ni ya kuume."

Nikachukua fomu ya kurudisha kifaa. Kuna sababu tatu tu za kuchagua: kipimo hakifai, kifaa ni kibovu, mgonjwa amefariki. Hakuna ya nne. Nimeizunguka ile fomu kwa macho kutafuta ya nne. Nikaweka alama kwenye kipimo. Chini yake kuna nafasi ya kujaza: kipimo kinachohitajika.

Kalamu yangu ikasimama hapo. Papa Kabwe akauliza kumeandikwa nini, nikamsomea.

"Andika zéro," akasema. Hakucheka, wala hakuwa na hasira. Alikuwa ananisaidia kujaza fomu.

Nimeandika sifuri. Akaweka sahihi yake chini, sahihi ndefu nzuri ya mtu aliyeongoza vikao vingi.

Hapo ndipo nilipofungua droo. Sijui kwa nini leo, wakati nilikuwa na Alhamisi nyingi za kulifanya. Nafikiri sikuweza kuvumilia kwamba alikuwa hajui. Mtu anapomlipiza mwenzake anataka mwenzake ajue, la sivyo ni ugonjwa tu kama magonjwa mengine. Nikatoa kadi ya mama, nikaiweka juu ya fomu.

"Papa, unakumbuka hii?"

Akaisogeza mbali kidogo na macho ili aone. Akasoma jina. Nikamwona anatafuta, anatafuta kweli, kwa bidii, na hapati.

"Huyu njo nani?"

"Mama yangu. Shirika ilikatala kuya ku kilio yake."

Akageuza kadi, akaona visanduku vitupu, na hapo uso wake ukafunguka. Ni visanduku alivyovikumbuka.

"Ah, ndiyo. Carte ilikuwa na vide. Hamukutuma barua." Akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Tulifanya muzuri, mama. Na weye pia ulifanya muzuri juu ya botte. Docteur aliniambia aliomba uandike bongo, ule uongo wa mufupa, ukakatala. Nilifurahi. Minye pia ningekatala."

Nilikuwa nimeandaa jibu la kila kitu. Kama angenilaani nilikuwa nalo, kama angelia nilikuwa nalo.

Alifurahi. Alikaa wiki zile zote anaoza mguu, na alinifikiria vizuri. Aliona dirishani mtu wa namna yake. Hakujua habari ya shemeji wa mkubwa wa zamu wala ya mpishi wa kantini. Alidhani ninakataa kila mtu, kama yeye anavyokataa kila mtu, na kwamba zamu yake ilikuwa imefika tu. Na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Ningeweza kusema: papa, niliandika uongo kwa watatu, wewe tu ndiye niliyekunyima.

Nikafanya kitu kingine, cha kijinga. Kwenye chumba cha vifaa kuna magongo mawili ya chuma, mazuri, aliyaacha mfanyakazi mmoja alipopona. Hayamo kwenye daftari lolote. Nikaenda kuyachukua karibu nikikimbia, nikayaweka mbele yake.

"Bebeni hizi béquilles, papa. Leo. Papier nitaiangalia baadaye."

Mama Régine alinyoosha mkono. Papa Kabwe akamshika kiganja.

"Iko na dossier?"

"Haina. Lakini haina neno, papa. Hakuna mutu anazitafuta."

"Kuko bantu mu foleni mbele ya minye. Nitangoya ya minye."

"Papa, nakuomba."

Nilisema nakuomba. Mimi, kwake. Nilichotaka anifanyie siku ya kwanza dirishani, nimekifanya mimi leo, na buti lile limesimama katikati yetu linasikiliza.

"Botte ikifika Lubumbashi," akauliza, "dossier ya béquilles itachukua siku ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba Lubumbashi lazima wathibitishe buti limerudi, kisha ndipo ombi la magongo lisomwe. Wiki nyingi. Akatikisa kichwa chake kile kile cha mtu aliyeelezwa njia.

"Basi nitakuya kila Alhamisi kuuliza," akasema. "Siku zingine sitakusumbua."

Akajiinua kwa mpini wa ufagio. Mama Régine alimshika kiuno, wakavuka kizingiti. Halafu yule mama akamwegemeza mumewe ukutani, akarudi hatua mbili, akaja karibu na uso wangu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata leo hakupaza.

"Weye na yeye muko sawasawa," akaniambia. "Minye njo namubebaka mu mugongo, usiku na muchana, mpaka ku choo."

Akaenda. Nimewasikia kwenye koridoo muda mrefu sana, mpini, mguu, mpini, mguu. Papa Kabwe akanitakia kazi njema kwa sauti akiwa mbali.

Mama Régine amekosea. Hatuko sawa. Papa Kabwe anaamini. Alimwacha mama yangu bila msalaba na akalala usingizi wake, kwa sababu hakumchukia mama, wala hakumpenda, aliona visanduku. Mimi niliona mtu. Nilimwona vizuri kabisa, kila Alhamisi, pamoja na harufu yake.

Magongo bado yako ofisini, yameegemea ukuta. Buti nimelirudisha kwenye boksi, nimepiga plasta, nimeandika nje: kipimo hakikufaa. Gari la Lubumbashi litalichukua. Lile tangazo la Alhamisi nilitaka kulibandua kabla ya kutoka. Nimelishika kona moja, nikaliacha. Hata nikilibandua, yeye ameshalisoma.

Nimemwandikia docteur ujumbe kwamba ule mguu wa kushoto unavimba. Hajajibu. Nimemwambia pia kwamba nikipata karatasi ya buti la kushoto nitaandika mfupa, bila swali. Hilo ndilo ninaloweza kuamua leo, na ninajua Papa Kabwe akigundua atalirudisha mwenyewe, kwa mguu mmoja, na atapanga foleni.

Nadine ameipasha moto ile bukari mara ya pili. Nitakula kidogo ili aache kuniuliza.

Kesho ni Ijumaa, sina shida na Ijumaa. Ninaogopa Alhamisi. Atafika mapema, shati limefungwa mpaka juu, atangoja zamu yake, atauliza, nitasema bado, naye atanishukuru.